Mtaro Usiofika Mtoni

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi na mama yako wazima, ila goti langu halijasahau miaka thelathini ya kuzibua mitaro ya jiji. Simu siisikii vizuri siku hizi, ndiyo maana naandika.

Ule mtaro mpya wa mtaani kwetu, uliozinduliwa kwa tarumbeta, nimeufuata mpaka nyuma ya zahanati. Nikafunua mfuniko. Hamna bomba la kwenda mtoni, udongo mtupu! Maji yataingia yakose pa kutokea. Wewe ni mhandisi wao. Waambie kabla ya masika.

Baba yako

11 Machi

Baba, shikamoo.

Hatujambo, mjukuu wako ameanza kutambaa. Habari za mama?

Baba, nakuomba hilo uliache. Karatasi ya kuthibitisha kwamba kazi imekamilika nimeisaini mimi. Bosi aliiweka mezani akasema, "Saini, au kesho kiti hiki kina mtu mwingine." Ningefanyaje? Mabomba yaliyobaki yatalazwa kiangazi. Rudisha mfuniko, usimwambie mtu.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu. Barua yako sikumsomea yote.

Mvua haisomi karatasi. Nenda kaseme mwenyewe, mapema. Kazi utapata nyingine, hata ya koleo. Mimi sikufa nayo.

Baba yako

9 Aprili

Baba, shikamoo.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nimesikia redioni maji yameingia mtaani kwetu. Mko salama? Barabara imefungwa, siwezi kufika. Nijibu hata neno moja.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Tu wazima. Mimi na mama yako tulikesha juu ya paa. Jirani yetu, fundi cherehani aliyekushonea sare ya kwanza ya shule, maji yalimkuta ndani na wajukuu wake wawili. Mlango uligoma. Niliwatoa mimi na vijana wa gereji. Hakuna aliyepona.

Jana tume ya uchunguzi ilikuja. Bosi wako akasema mvua ilizidi kipimo, ni mapenzi ya Mungu, na watu wakaanza kuitikia. Nikawashika mkono nikawapeleka nyuma ya zahanati. Mwenyekiti akachungulia mle chini, akauliza, "Nani alisaini kwamba huu umekamilika?"

"Mhandisi," akasema bosi wako.

"Yupi?"

Akanitazama. Anajua wewe ni damu yangu, akadhani nitameza.

Nikalitaja jina lako. Kisha nikalitaja lake, nikaeleza alivyokushurutisha.

Mama yako hasemi nami tangu jana. Ananiwekea chakula, anageukia ukutani. Simlaumu.

Wanakuja kukuchukua wiki hii. Sikutaka usikie kwa mtu mwingine. Usikimbie, mwanangu. Vaa shati safi, mbusu mtoto, utoke kwa miguu yako.

Nitakuja kukaa mahakamani kila siku watakayokuita. Ukipenda, usiniangalie.

Baba yako