Mkulima wa Ulemo Asiyetaka Jina

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimerudi Kiomboi kutoka semina ya Dodoma. Kichwa kimejaa! Siku tatu za kujenga mahusiano na wafadhili. Mwezeshaji alisema mfadhili asiyetambuliwa hatoi mara ya pili. Nimeliandika hilo, nikalipigia mstari mara mbili. Sisi kwenye hosteli yetu ya wasichana wa shule tunamtambua nani? Hakuna. Watu wanatoa, tunasema asante, basi. Halafu tunashangaa wanapotea.

Aliyebaki ni mmoja: Mzee Gaspari wa Ulemo. Mwaka wa saba huu, kila mavuno analeta mahindi, na alizeti ya kukamua mafuta. Wasichana wetu thelathini na mmoja wanakula kwa mkono wake muhula mzima wa pili. Na kwenye ripoti tunamwandikaje? "Mkulima wa Ulemo." Aibu jamani! Hata ng'ombe wana majina.

Jumatano, 4 Juni 2025

Nimekwenda Ulemo kwa bodaboda. Vumbi mpaka kwenye meno. Nilimpelekea cheti cha shukrani, fremu nimenunua mwenyewe. Mzee alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, akanipa kigoda, akanipa na mahindi nipukuchue — kwake mgeni hakai mikono mitupu. Na utani wake! Eti sisi Wanyaturu wa Mgori tunakula asali mpaka tunasahau kulima. Nikamwambia Wanyiramba mna wivu tu. Tulicheka hadi nikasahau kilichonileta.

Cheti alikigeuzageuza, kisha akakiegemeza ukutani, maandishi yakiangalia ukuta. Nikamwambia safari hii nataka kuweka jina na picha. Akasema hapana, niandike kama siku zote. Tenda wema uende zako, binti.

Unyenyekevu wa wazee! Picha nilimpiga alipokuwa anacheka. Hakukataa. (Sawa — hakuniona.)

Jumatatu, 9 Juni 2025

Shule zimefungwa, hosteli kimya. Bango limetundikwa kwenye uzio wetu, upande wa barabara ya stendi. Uso wa Mzee mkubwa kama mlango. MZEE GASPARI, BABA WA ELIMU YA MABINTI. Maneno yangu hayo! Mama Agripina, mratibu wetu, aliniuliza mara mbili kama mwenyewe ameridhia. Nikasema ameridhia. Nimelituma pia kwenye magrupu ya WhatsApp, pamoja na lile la wana-Ulemo wanaoishi mbali. Makofi, maua, dole gumba. Mtaalamu mimi!

Alhamisi, 12 Juni 2025



Saa nne asubuhi aliingia mama mmoja ofisini, kitenge kiunoni, begi la safari begani. Katoka Singida mjini kwa basi la alfajiri. Hakukaa. Akauliza nani kaandika lile bango. Nikajibu kwa maringo kabisa kwamba ni mimi. Nilidhani nimepata mfadhili mpya!

Akasema anaitwa Winfrida. Binti wa kwanza wa Mzee Gaspari. Picha kaiona kwenye simu ya mwanawe.

Kisha akanieleza, polepole, kama anasimulia habari za mtu mwingine. Alifaulu darasa la saba. Shule nzima walifaulu wasichana wawili tu. Baba yake akaenda kwa mwalimu mkuu, akasema huyu ana kifafa, hawezi masomo. Hakuwa na kifafa wala nini. Kabla ya Machi ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaingia zizini. Alikuwa na miaka kumi na minne. Ulemo hajakanyaga tangu walipomzika mama yake, miaka saba sasa.

Miaka saba. Na mahindi yalianza kuja mwaka uliofuata. Hilo nimelifikiria baadaye, alipokwisha kuondoka.

Nilimwambia nalishusha bango sasa hivi. Akasema, usishushe. Nipige na mimi picha, uniweke pembeni yake. Uandike: huyu ndiye binti.

Nilimmiminia chai, hakuinywa.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Nimelishusha. Lakini maji yameshamwagika. Benson, dereva anayetubebea mzigo wa Ulemo kila mwaka, amepiga simu. Mzee kamwambia gari lisiende, mwaka huu hatoi kitu. Sababu hakusema.

Jumanne, 17 Juni 2025

Nimemwambia Mama Agripina ukweli: Mzee hakuridhia, nilidanganya. Nilisubiri anifokee. Akavua miwani tu. Kumbe anajua! Tangu mwaka wa kwanza. Mzee alimweleza mwenyewe habari ya Winfrida, akiwa amesimama mlangoni, akakataa hata kukaa. Ndiyo maana jina lilikuwa haliandikwi. Akaniuliza, ulifikiri mimi mvivu wa kuandika?

Nimelia chooni. Kufukuzwa siogopi. Naogopa tarehe nane Julai, mabinti wakirudi na masanduku yao na stoo ina dengu kidogo na chumvi. Siku tatu za semina, hakuna aliyesema kwanza mjue mtu anatoa kwa nini. Au labda ilisemwa, mimi nikawa bado napiga mstari.

Mama amesema niende Ulemo. Bila cheti. Bila kutoa simu mfukoni. Nimempigia dada Winfrida nimwombe radhi kwanza. Akauliza naenda lini. Anakuja.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Ulemo. Naandika nikiwa kibarazani kwa Mzee, daftari magotini. Hawanijali, na mimi lazima nishike kitu mkononi.

Tumefika saa tano. Nilipiga magoti nikaomba radhi kwa yote, ya picha na ya uongo. Mzee akasema, binti, umenivua nguo mbele ya watu. Nikasema ndiyo, Mzee. Hapo ndipo akamwona aliyesimama nyuma yangu.

Shikamoo baba.

Mzee akaitikia. Marahaba, mama.

Nilijiandaa kwa kelele, au machozi. Wapi! Dada Winfrida alivuta kigoda akakaa, akaongea kama mtu anayepanga kazi ya shamba. Toa mahindi, baba, watoto wanataka kula. Lakini siku ya kufungua shule uje mwenyewe. Usimame mbele yao uwaambie ulinifanyia nini, na kwa mwalimu ulisema nini. Kwa mdomo wako. Kama huwezi, usipeleke hata punje.

Mungu wangu! Nilitamani kumkanyaga mguu. Dada, jamani, mahindi! Siku kumi na tisa tu zimebaki! Nikajiuma ulimi. Ni nani mimi niseme yeye asamehe ili mimi nijaze stoo?

Mzee alisimama, akaenda mpaka zizini, akakaa huko kwa muda mrefu. Nikasema basi, kaondoka, tumekosa vyote viwili. Amerudi. Hajasema anakuja, hajasema haji. Hamtazami mwanawe hata kidogo. Ameniuliza mimi: siku hiyo, hao wasichana, watakuwepo wote?

Nimemwambia, wote, Mzee.

Amekaa. Dada Winfrida anaangalia chini.

Sasa ameuliza tena. Wote?