Mnorwei Asiyetajwa

Jumatatu, 2 Juni 2025

Kidonda cha sikio la baba ni kansa ya ngozi. Imeshuka mpaka shingoni. Daktari ni msichana mpole, angeweza kuwa binti yangu. Alimtazama baba yale macho yake ya kijivu, akanitazama mimi, akauliza katika familia ngozi hii imetoka kwa nani. Baba akajibu kwamba yeye ni Micah wa nyumba ya Tabutany. Basi! Daktari akaandika. Aliandika nini, sijui.

Maisha yake yote kwenye viazi, jua la Mau likimwangukia. Shuleni walimwita Mzungu. Sasa jua limemla polepole na sisi tukimpaka mafuta ya mgando.

Tulipofika kwangu Section 58, Nakuru, alisema jambo moja tu: anataka kuzikwa juu Olenguruone, kando ya Tabutany. Nikamwambia aache mambo ya kuzikwa, atapona. Uongo mtupu. Nilienda kulia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa.

Alhamisi, 5 Juni

Kimberly ameuliza Tabutany ni nani hasa. Binti yangu ana umri wa kupiga kura na hajui! Kosa ni la nani, langu.

Nikamweleza. Tabutany alikuwa mke wa kwanza, hakujaliwa mtoto. Mumewe akafa. Basi akatoa ng'ombe, akaoa msichana aitwaye Kobilo. Ndiyo, mwanamke akaoa mwanamke, na kwetu hiyo ni ndoa kamili, ili nyumba isizimike. Kobilo akamzaa baba. Kwa hiyo baba yake baba ni Tabutany. Mwanaume aliyepita hana jina, na haulizwi.

"Lakini mum, si kuna mtu," Kimberly akasema. "Babu ako na macho ya paka."

Nikamnyamazisha. Halafu sikupata amani. Kogo Kobilo, nyanya yangu, alichuma maua ya pareto kwa mzungu huko Mau Narok, hilo kila mtu anajua. Na daktari ameuliza. Nataka kujua ni kitu gani kiko ndani ya damu ya mtoto wangu.

Jumamosi, 14 Juni

Mau Narok. Baridi ya kukata masikio. Ngano mpaka jicho linachoka.

Mzee Ooko, mtoto wa dereva wa trekta wa zamani, bado anaishi nyuma ya godauni la yule mzungu. Alinitazama kidogo tu, akacheka. "Wewe ni wa Mnorwei." Hata sikuwa nimesema nimekuja kwa nini! Jina lake Eilert Skarbø. Mrefu, mkimya, anatembea mashamba yake kwa miguu siku nzima. Hakuwa na mke. Alikufa kabla ya Uhuru.

Nikamuuliza kama alimpenda Kobilo. Mzee akaangalia ngano. Akasema wasichana wa pareto hawakuwa wanaulizwa kama wanapenda. Akaniuliza kama nitakunywa chai.

Sikunywa. Nilirudi nikiwa na hasira ambayo sijui nimpelekee nani. Wote wamekufa.

Jumatano, 18 Juni

Kimberly amempata! Wanorwei wameweka vitabu vya kanisa kwenye mtandao, ubatizo, ndoa, mazishi, mtu yeyote anaangalia bure. Huyu hapa: Eilert, kabatizwa 1901, kijiji cha baharini chenye jina nisiloweza kulitamka. Kando wameandika amehama, Afrika. Mwandiko mzuri sana. Skarbø si hata ukoo, ni jina la shamba walilolima. Watu wanaoitwa kwa shamba lao! Nikacheka peke yangu, mara ya kwanza wiki hii.

Kuna mama anaitwa Solveig, mjukuu wa ndugu yake, ameweka ukoo wote hapo. Tulimwandikia. Alijibu kabla ya ugali kuiva. Analia, anasema, anafurahi. Halafu: babu yake alikufa na kansa ya ngozi. Shangazi yake pia. Nimchunguze binti yangu kila mwaka.

Tena anakuja! Alikuwa na safari ya Kenya tayari, kuona wanyama. Ameuliza nyumbani kwa baba ni wapi. Nilimwelekeza vizuri mpaka kwenye geti la Olenguruone.

Baba nilimwambia usiku. Akageukia ukuta.

Jumapili, 22 Juni

Nimeharibu.

Tulikuwa Olenguruone, shukrani ya mtoto wa Kipyegon aliyemaliza chuo. Kipyegon ni mjukuu wa mke mdogo wa mumewe Tabutany, mashamba yetu yanapakana, na ukingo huo ameupigia jicho tangu niko msichana. Watu wamekula, wazee wamekaa vizuri. Nami kwa ule ujuaji wangu wa mjini nikamuuliza mzee Jonah, mkubwa wa wazee wa ukoo, mbele ya wote: mnamkumbuka Mnorwei aliyemzaa baba?

Wote wakageuka kunitazama. Hata watoto.

Kipyegon akaweka kikombe chini taratibu. "Sister, ni wewe umesema. Sisi hatujasema kitu. Kama Micah ako na baba mwingine, basi nyumba ya Tabutany haina mtu. Hilo shamba ni la wenyewe."

Nikasema sikumaanisha hivyo. Lakini ukiuliza baba wa mtu, umesema hana. Nilizaliwa kwenye nyumba hiyo, nilijua hivyo kabla ya kujua kusoma, na bado mdomo wangu ukafunguka!

Jumatatu, 23 Juni

Baba amesikia. Hakupiga kelele. Alisema, "Ugonjwa ulikuwa bado haujaniua."

Nimemwandikia Solveig asije. Hajajibu.

Ijumaa, 27 Juni

Baba hali chakula. Anakunywa uji kidogo nikimbembeleza. Mzee Jonah amepiga simu: wazee watakaa Jumatatu, baba aletwe. Solveig bado kimya. Labda ameghairi. Naomba awe ameghairi. Mungu, mtu anamwombea ndugu yake asifike!

Jumatatu, 30 Juni

Niko juu ya kilima, nyuma ya boma, mahali pa kupata network.

Asubuhi baba alisimama mwenyewe, ameshika fimbo, bandeji imelowa. Wakamuuliza yeye ni wa nani. "Wa Tabutany." Wakanigeukia mimi. Babu yako ni nani? Nilifikiria Kobilo na pareto na yule ambaye hakumuuliza kama anapenda. Nikasema, "Tabutany." Na mdomoni lilikuwa jina la kweli! Yeye ndiye aliyembeba baba mgongoni, akampa ng'ombe, akampa udongo. Yule mwingine alimwachia kidonda.

Mzee Jonah akasema imeisha. Mwingine asitajwe tena katika boma hili. Akitajwa, Micah atafutiwe kaburi huko town. Tukanywa maziwa ya mursik kibuyu kimoja, mimi na Kipyegon, yeye ameuma meno. Wakamwonyesha baba mahali pake, kando ya Tabutany. Baba akapaangalia sana, akauliza kama kuna viazi vya kuchoma. Anakula! Nimemwacha akila na wazee.

Nimepanda hapa kumwambia Kimberly. Simu ikashika network, ujumbe ukaingia, namba ya Kenya nisiyoijua. Ni Solveig. Amebadilisha laini, barua yangu ya kumzuia hajasoma. Ametoka Nakuru asubuhi na dereva Nderitu, atatushtua.

Napiga. Haiingii.

Gari jeupe liko chini kwenye geti. Nikikimbia nafika? Mlango umefunguliwa. Mwanamke mrefu. Hajasema neno bado, na Kipyegon amesimama anamtazama.

Anatembea kama baba. Mungu wangu, miguu ile ile. Watoto wamemshika mkono, wanampeleka walipo wazee.