Kituo cha Kumi na Saba

4 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Huku tunaendelea, ila goti la mama linamsumbua na mimi nimechemka, kwa hiyo salamu nazifupisha.

Ripoti ya ofisi yenu imefika, sahihi yako chini. Eti ardhi ni imara, tuchimbe shimo la mgodi pale pale kwenye kituo cha kumi na saba. Ebo! Si mimi niliyekubebea vyombo vya kupimia ardhi wiki mbili, kituo kwa kituo, kimoja cha uvutano, kingine cha sumaku? Pale kumi na saba ulikunja uso, ukasema uvutano umepungua ghafla. Mbona karatasi haisemi? Mimi ndiye nyapara, watu kumi na wawili wanashuka kwa neno langu. Simu huku haishiki, nijibu kupitia dereva wa lori. Tunaanza tarehe kumi na nane.

Kaka yako


9 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mwambie mama aache kupanda ngazi.

Usinifokee. Siku ile ulikuwa na panga kiunoni, na chuma huharibu kipimo cha sumaku. Niliandika kwenye daftari, "kaka ana panga." Mkuu wangu alipoona hivyo akakifuta kituo chote, nami nikatia sahihi. Ana miaka thelathini kazini, anajua anachofanya. Chimbeni tu.

Mdogo wako


13 Juni

Wewe mtoto,

Salamu baadaye. Ati panga! Sawa, sumaku ilidanganywa na panga langu, kosa langu hilo. Na uvutano nao unaogopa panga? Mbona vyote viwili vilifutwa? Mimi niliyeishia darasa la saba nimeliona hilo, wewe msomi umefumba macho!

Rudia hesabu. Msimamizi wa mgodi ananicheka mbele ya watu, anasema nyapara anaogopa shimo. Bila karatasi yako sina la kumjibu.

Kaka yako


20 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Natumaini barua hii itakukuta salama.

Nimerudia hesabu kwa uvutano peke yake, kwa njia ya viwimbi, yaani mawimbi mafupi ya kihesabu. Unavilinganisha vipimo vilevile na kiwimbi chembamba, kisha kipana, kisha kipana zaidi. Kitu kilicho karibu na uso wa ardhi hujitokeza kwenye vyembamba, cha chini sana huonekana kwenye vipana tu. Ukizifuata alama zake kutoka kipana hadi chembamba, zinakuelekeza kwenye kina chake. Za kituo cha kumi na saba zimeelekea mita sita chini. Uvutano hupungua palipo na uwazi chini; pale ni patupu, kaka. Nadhani ni handaki la wachimbaji wa zamani.

Nilimpelekea mkuu. Akasema hizo ni kelele za vipimo, makosa madogo ya vyombo tu, nisimwaibishe kwa wateja. Nilimtupia daftari mezani nikatoka kwa hasira. Lakini hasira nyingine ni juu yangu mwenyewe, nilitia sahihi kwa woga. Mtoe kila mtu shimoni. Lori limeharibika, barua hii naituma kwa basi.

Mdogo wako


25 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika jana. Ardhi ilikatika juzi.

Tarehe kumi na nane niligoma, nikasema nasubiri jibu lako. Msimamizi akanifukuza kazi hapo hapo, akaitikisa ripoti, akasoma jina lako kwa sauti. "Mdogo wako mwenyewe ameandika!" Wanane waliondoka nami, wanne wakashuka. Walikuwa mita ya nne sakafu ilipowaachia.

Wawili tumewatoa wakiwa hai. Wawili bado wako chini, tunachimba kwa mikono na sauti zao hatuzisikii tena.

Usiniandikie kuomba msamaha, sina wa kukupa. Panda basi la kwanza, uje na hesabu zako, usimame mbele ya wake zao uwaeleze. Wameniuliza ni nani aliyesema ardhi ni imara. Nimewaambia ni wewe, tumbo moja na mimi. Wamekaa pale juu ya shimo, wanakusubiri.

Kaka yako