Kumbe Si Utomvu wa Mkonge

Kilole, Jumanne usiku

Ofisini kwetu kiwandani wote tulidhani madoa haya mekundu miguuni ni muwasho wa mkonge. Nikayapaka mafuta ya nazi, nikaendelea na kazi hata magoti yalipovimba.

Leo daktari ameuita ugonjwa huu vaskulitisi ya IgA: kinga ya mwili wangu inashambulia mishipa midogo ya damu. Madoa yatafutika. Anachohofia ni figo, kwa kuwa mkojo una damu. Amekataza dawa za mizizi kabisa.

Jioni mama, ambaye wiki iliyopita nilimtajia madoa haya, akapiga simu kutoka Sindeni.

"Nimekuchimbia mizizi, mwanangu. Jumamosi nakuja kukunywesha mwenyewe, maana nakujua wewe na dawa chungu."

Nikacheka naye. Nikashindwa kumwambia.

Kabla ya leo sijawahi kuogopa mama yangu kuja.