Baba, Siku Uliyoitaja Ilipita

Baba,

Mama amelala baada ya chakula cha mchana, nyumba imetulia, nami nimeona bora nikwambie mimi mwenyewe yaliyotupata hapa Utange. Mwaka na miezi miwili sasa tangu utuache. Nimechelewa kukuandikia. Kila nikishika kalamu nakumbuka kwamba maneno niliyokuwa nikiandika humu nyumbani yalikuwa yako, si yangu.

Vita vimezidi, Baba. Vile vya Mashariki ya Kati ulivyoviacha vikifuka moshi viliwaka tena, na kwenye runinga tunaona ndege zisizo na rubani zikipita juu ya miji usiku na mchana. Najua ungesema nini. Ungesema, "Hebu rudia hapo, mwanangu, pole pole," kisha ungeniambia nifungue Ufunuo sura ya tisa, kwenye nzige wale ambao mbawa zao zavuma kama magari ya vita. Miaka sita ya mwisho, mtoto wa jicho alipokufumba macho, mimi ndiye niliyekuwa nikiona kwa niaba yako. Nikirudi kutoka kazini, ile yadi ya makontena Changamwe, nanawa uso, nakaa karibu yako, nakusomea gazeti lote. Wewe unataja sura, mimi naandika. Danieli. Mathayo ishirini na nne. Ezekieli. Tulijaza madaftari kumi na moja.

Kuna jambo sikukuambia. Daktari alipotuonya kuhusu presha yako, nilianza kuruka habari. Penye mauaji nasoma michezo. Penye tetemeko nasoma bei ya korosho. Siku moja ulinisikiliza mpaka mwisho, ukatabasamu, ukasema, "Kumbe dunia imetulia leo! Basi redio ya Bwana Shee hapo jirani haijaambiwa." Nikalikunja gazeti kwa aibu. Nawe hukunisuta, uliniomba chai tu. Nisamehe kwa hilo.

Sasa nikwambie habari ya Mama.

Baada ya matanga alipungua, Baba. Hakuwa na wa kumgombeza. Ndipo akaja mhubiri mmoja mgeni, akakodi banda la mabati kule nyuma ya soko, akaanza kufundisha habari za siku za mwisho. Mama akaenda mara moja, akaenda mara ya pili, kisha ikawa kila siku. Nami nilifurahi, maana alirudi akiimba. Sikuuliza anafundishwa nini. Hata alipoomba madaftari yako akamwonyeshe mchungaji, niliyatia mimi mwenyewe kwenye mfuko.

Kumbe yule bwana alikuwa akiyainua mbele ya watu na kusema, "Mzee Mwakio aliyaona haya yote!" Alitaja vita, alitaja mafuriko, alisema namba wanazotupa kwenye vitambulisho vipya ndiyo ile alama ya mnyama, na kwamba namba unayoandikwa hospitali ni mlango wa kuingilia alama hiyo. Mwisho akataja siku. Mwisho wa mwezi ule ule, alisema, Bwana angerudi, na atakayekutwa na dawa za wanadamu mwilini atakuwa ameonyesha hana imani.

Mimi nilijua Jumapili moja asubuhi, nilipofungua friji nitoe maziwa. Chupa za sindano za Mama, zile za sukari, zilikuwa tatu, na zote tatu hazijafunguliwa. Nilikuwa nimezinunua mwezi uliopita. Nikamfuata jikoni.

"Mama, hujidungi?"

Hakugeuka. Aliendelea kuchambua mchele. "Nijidungie nini, mwanangu, na siku ishatajwa?"

Baba, maneno yale niliyasikia kwa sauti yako. Unajua kwa nini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Barua yangu ya chuo cha uuguzi ilikuja siku zile ulipokuwa umechukua hesabu za Danieli ukaziweka juu ya vita vya mwaka ule, ukapata siku, ukaitangaza kanisani. Uliisoma barua, ukaikunja mara mbili, ukasema, "Utamuuguza nani, mwanangu, na Bwana yu mlangoni?" Nafasi yangu akapewa mwingine. Siku ilipofika tulivaa nguo nyeupe, tukakaa sebuleni tangu alfajiri, hatuli, hatusemi. Jua likachwa. Mama akainuka akasonga ugali, kwa sababu tulikuwa na njaa.

Jumapili iliyofuata ulisimama mbele ya kanisa zima, wewe dereva wa kreni ambaye bandari nzima ilikuheshimu, ukasema, "Neno la Mungu halikukosea. Aliyekosea ni mimi. Na mwanangu nimemharibia masomo." Ulilia. Mimi sikulia. Nilikukasirikia miaka mingi, Baba, hata nilipokuwa nakusomea gazeti nilikuwa nimekukasirikia. Nilidhani hujui. Leo nadhani ulijua, ndiyo maana ulikuwa ukiniomba kwa upole hata glasi ya maji.

Tangu siku ile hukutaja tarehe tena. Wengi walikubembeleza. Ulikuwa ukiwajibu kwamba meli ndiyo yenye ratiba, na hata hiyo huchelewa. Tukisoma mafuriko huko mbali, uliuliza, "Na hapa kwetu, ni nani aliyeingiliwa na maji?" kisha unamtuma Mama na unga. Hayo pia yamo madaftarini. Yule bwana hakuyasoma mbele ya watu.

Basi nilikwenda bandani siku ile ile. Palijaa, na joto la mabati lilikuwa kali. Mama alikuwa benchi la mbele, mguu mmoja ameufunika kwa leso. Mhubiri akainua daftari lako. Nikasimama.

Nikasema, "Shikamooni wazee wangu. Mimi ni binti wa Mwakio. Maandishi hayo ni mkono wangu, niliandika mimi. Baba yangu aliwahi kutaja siku. Ikapita. Nami nilikosa chuo kwa ajili ya siku hiyo." Nikawaeleza yote, nguo nyeupe, ugali, na maneno uliyosema kanisani. Nilidhani nimekwenda kukushtaki. Lakini nilipofika pale uliposimama ukasema umekosea, nilishindwa kukushtaki, kwa kuwa sijamwona mtu mwingine akifanya hivyo maishani mwangu. Pale, mbele ya wageni, ndipo nilipokusamehe. Samahani kwamba hukuwepo.

Mhubiri alicheka kidogo. "Dada, shetani huwatumia hata watoto wa watakatifu."

Watu wakaguna. Ndipo Mama alipoinuka, akishika benchi kwa mikono miwili.

"Mchungaji," akasema, "mume wangu alipokosea, alisimama akaomba radhi. Siku yako ikipita, wewe utasimama mbele ya nani?"

Mhubiri alianzisha wimbo. Mama akanyoosha mkono akachukua madaftari yako, nikamshika kiuno, tukatoka. Wanawake watatu walitufuata. Wengine walibaki wakiimba.

Nilipomfikisha barazani ndipo nilipoona kilichokuwa chini ya leso. Kidonda, Baba, kikubwa, na harufu yake. Bwana Shee aliacha cherehani yake na nguo ya mteja juu yake, akawasha gari. Njiani Mama alikuwa akirudia kwamba amemkosea Mungu, na Bwana Shee akamwambia, "Mama, sisi pia twafundishwa dalili za Kiyama tangu chuo cha Kurani. Lakini wallahi hatukuambiwa tukingoje Kiyama bila dawa." Mama akacheka huku akilia.

Walimkata vidole viwili vya mguu. Daktari alisema tungechelewa wiki moja zaidi, ungekuwa mguu wote. Anatembea sasa, kwa fimbo. Anajidunga mwenyewe kila asubuhi, nami nasimama mlangoni nikitazama, naye hunifukuza.

Siku ya yule bwana ilipita kama yako ilivyopita. Yeye hakusimama mbele ya mtu. Aliondoka na baadhi ya watu kuelekea bara, akiwaambia siku imesogezwa. Mama Riziki, yule wa maandazi, alikwenda naye na wanawe wawili. Kaka yake ameripoti polisi na bado anawatafuta. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Ningaligutuka mapema kidogo, pengine Mama Riziki naye angalitufuata kutoka pale bandani.

Watu huniuliza kama bado naamini. Naamini, Baba. Nikisikia vita na matetesi ya vita moyo hunishtuka kama ulivyokuwa ukishtuka wewe, na sidhani ni upuuzi. Lakini nimejifunza kumwogopa mtu anayejua mwisho wa dunia na hajui jina la mgonjwa aliyekaa mbele yake.

Nimeomba nafasi katika mafunzo ya wahudumu wa afya wa mtaani. Nimeshapita arobaini, na nitakaa darasani na wasichana wanaoweza kuwa wanangu. Mama asema wewe ungelipenda. Nami nasema hivyo hivyo.

Lala salama, Baba yangu. Nakuahidi sitamficha Mama habari hata moja, wala sitamtajia mtu siku nisiyopewa. Lini Bwana atakuja kukuamsha huko Mwatate, mimi sijui. Mimi nitakuja Jumamosi, na jembe, nipalilie kaburi lako kabla nyasi hazijafunika jina.

Mwanao,
Mkamburi