Shati la Mutua

Mjini Wote, wakati wa kupalilia

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Ni mimi Mwende wako, yule wa kuandika herufi kubwa kubwa. Huko Ikutha mmeamkaje? Mvua imewafikia? Mguu wa baba umepona, ama bado anaenda kanisani na fimbo? Sisi huku ng'ambo ya Mto Athi tu wazima. Musyoka wangu bado anajenga maduka ya watu, jioni anarudi mweupe kwa simiti. Mtoto mkubwa hashikiki, na huyu mdogo, Kioko, aliyebeba jina la baba, ameota meno na anauma kila kitu.

Sasa tulia nikuambie habari ya ndugu yangu Mutua. Najua baba alikataza jina lake litajwe hapo nyumbani tangu aondoke na gita. Basi barua hii isomee jikoni.

Mutua hajapotea, mwaitu. Anakaa kwetu, chumba cha nyuma, na vijana wenzake watatu. Nywele zimesimama kama kichaka, hapo baba hakudanganya. Wanapiga roki, ile ya gita za umeme, na kwa vile huku umeme hakuna, wanatumia betri ya lori. Asubuhi wanachota mchanga mtoni wauze, wapate ya kuchaji betri. Jioni ndiyo wanapiga. Vidole vya Mutua vimeota sugu kama vya mtu wa jembe. Sijaona vijana wa kujituma hivyo.

Mwanzoni hata mimi niliona haya. Halafu siku moja sisi wanawake wa mwethya, wa kulimiana kwa zamu, tulikuwa tunachimba matuta kwa shamba la jirani yangu, Mama Nduku, na wao siku hiyo hawakwenda mtoni, wanafanya mazoezi hapo karibu. Mama Nduku akawaendea na jembe mkononi.

"Nyinyi! Hiyo ngurumo inaleta mvua ama inaifukuza?"

Nzioka, yule wa ngoma, akamjibu, "Mama, tunajaribu tuone."

"Jaribuni na jembe kwanza!"

Na wakaja, mwaitu! Wote wanne walichimba na sisi mpaka jua likawa kali, mashati yakalowa, hakuna aliyelalamika. Tulipoketi kula, Mutua akaleta gita kivulini akapiga wimbo wako. Ule uliokuwa ukiimba ukitwanga mahindi ya muthokoi, sisi tukiwa wadogo. Ameufanya wa roki, gita linalia kama mtu, na Nzioka anapiga ngoma palepale mchi wako ulipokuwa ukigonga. Hakuna mwanamke aliyebaki ameketi. Mama Nduku mwenyewe alicheza, jembe begani. Mimi nililia, nikawaambia ni vumbi.

Sifa ikatembea. Juzi akaja mtu wa santuri kutoka Nairobi, akausikiliza huo wimbo, akasema wakaurekodi kabla mwezi haujaisha. Wenzake wako tayari. Ni Mutua hataki. Nikamwuliza, "Kwani unaogopa Nairobi?"

"Siogopi. Lakini wewe ulipoolewa, baba alikutemea mate kifuani akakubariki. Mimi nilitoka na kifua kikavu. Nitaimbaje wimbo wa mama mbele ya nchi nzima kama mtoto aliyetoroka?"

Wakati huo alikuwa amempakata Kioko. Mtoto, kwa hayo meno yake, akamwaga udenda wote hapo kifuani kwa mjomba. Nzioka akaruka: "Haya! Mzee Kioko ameshabariki! Twendeni!"

Tulicheka mpaka Musyoka akaweka kikombe chini. Na si uongo, kwetu mwenye jina la mzee ni mzee. Mutua pia alicheka. Halafu akajipangusa polepole, akasema, "Huyu ni Kioko mdogo. Mimi nangoja mkubwa."

Ndiyo sababu nimeandika. Anayekuletea barua ni Kilonzo, rafiki ya Musyoka anayenunua mbuzi huko. Amebeba na shati la bluu. Ni la Mutua, ndilo atavaa akienda Nairobi. Hajui nimelituma, anafikiri liko kwa nguo za kufua. Mwaitu, ngoja baba amalize kula. Usianze na gita, anza na yale matuta. Mwambie Mutua bado anaomba kabla ya kula, hata kama ni uji mtupu. Halafu mwimbie ule wimbo, kama zamani. Akinyamaza, mpe shati. Ateme mate hapo kifuani, aseme neno, hata moja. Siombi apende roki.

Nisalimie nyanya, mwambie viatu vya mtoto vilimtosha. Nisalimie mdogo wangu Syombua, asiache shule, na mke wa pasta aliyenifundisha kushika kalamu.

Kilonzo atapita tena kwenu siku ya soko, akirudi huku. Mpe shati hata kama baba atakataa; nitajua la kumwambia Mutua. Lakini akikubali, mwaitu, tafadhali usilifue.

Ni mimi binti yako, nakukumbuka kila nikishika mchi,

Mwende, mama Kioko