Radhi ya Kasuku

Jumapili, 9 Novemba 2014

Kufuli za kontena jipya zimefika na kutu. Wateja wa Kariakoo nitawaambia ndiyo rangi ya mwaka huu.

Mchana mambo yaleyale. Meneja kagonga mfuniko wa sufuria kwa upawa, kisha mdomoni: kss-kss. Ndivyo anavyotuita kula tangu ashike duka la baba yake. Kwetu Tanga anayeitwa hivyo ni paka, na paka mwenye adabu zake haji. Sisi tulikwenda. Wali, kabichi, shingo za kuku.

Mutua hakwenda. Ndiye mpagazi wetu, Mkamba wa Kitui, mabega kama kabati. Kakaa kizingitini, kakipa chakula mgongo. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Zii, dada. Niko fiti. Lakini mimi si paka."

Nimekasirika. Kwanza na Meneja. Halafu na Mutua, maana shingo ya kuku imenishinda kumeza.

Jumatatu, 10 Novemba

Hajala tena. Katoni anabeba zilezile, lori hadi ghalani, uchochoro mzima wa Al Ras, kwa nguvu ya chai ya asubuhi. Wauza bizari wa jirani wananiuliza kama kafunga. Mkristo, mwezi wa kumi na moja, kafunga nini?

Meneja kashtuka. Si kwa huruma, kwa ajili ya jirani. Kaniita mimi, mkalimani wa kila balaa. Anasema huu ni mgomo, na nchi hii ya Waarabu mgomo ni tiketi ya ndege. Yeye ndiye kafeel, mdhamini wa viza zetu. Alhamisi Mutua awe amekaa na wenzake anakula, la sivyo viza inafutwa, khalas.

"Chakula bure," anasema, "na bado ana kiburi!"

Bure. Cha mbwa pia ni bure.

Mutua ana binti kidato cha pili kule Machakos. Baba akirudi, karo inakatika, na binti anarudi nyumbani. Nimemwambia ajishushe kidogo. Kaniuliza nishuke hadi wapi, dada, kuna ghorofa ngapi chini ya paka?

Jumanne, 11 Novemba

Mzee Wu, baba yake Meneja, hukaa nyuma ya pazia akicheza karata peke yake, na bado anaiba. Ujanani, na Wachina wenzake, alijenga reli kwetu, enzi za Ujamaa. Kiswahili chake kiligandia hukohuko: watu wote ni ndugu. Mwanawe hajui hata neno moja.

Leo kaniita. "Ndugu Mwanaidi. Yule ndugu hali kwa sababu ya kss-kss?" Nikasema ndiyo. Akaweka karata chini, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Akanipa kisa cha kwao, cha kale hata yeye hajui cha lini. Njaa imeingia nchini. Tajiri kaweka chakula kando ya njia. Anapita mtu anayumba, kajifunika uso kwa mkono wa nguo. Tajiri akapaza sauti: wewe, njoo ule! Yule mtu akainua macho, akasema amefikia hali ile kwa kukataa chakula cha "wewe, njoo". Tajiri akamfuata kumwomba radhi. Hakula. Akafa.

Nikasema huyo mjinga. Mzee akacheka. Hata wakubwa wao wa hekima waligombana juu yake: mmoja alisema alipofokewa alifanya vizuri kuondoka, ila alipoombwa radhi angekula.

Kisha akaniambia jambo lililonikaa. Cheo, anasema, meneja anatoa, meneja anachukua. "Hii," akajigonga kifua, "nani alitoa? Basi nani anachukua?" Kwao mtu anaitwa ren. Na utu unaitwa ren. Sauti ileile, haipishani hata kidogo. Maandishi tu ndiyo mbali, la pili ni mtu na alama ya mbili. Maana mtu peke yake haujui utu wake mpaka awepo wa pili.

Sisi mtu na utu vinapishana herufi moja. Nilidhani tumevumbua sisi.

Nikamuuliza kwa nini hamwambii mwanawe. "Ana shahada ya biashara," akasema. "Hasikii watu waliokufa." Akachukua karata. Akaiba.

Jumatano, 12 Novemba

Nimefanya ujanja.

Asubuhi nilimwambia Meneja kwamba Waswahili hawali mpaka wakaribishwe kwa lugha yao, ndiyo mila, na mila haina gharama. Akapenda hapo penye gharama. Nikamfundisha: "Karibuni mle. Niwieni radhi." Akauliza hilo la mwisho lina maana gani. Nikamwambia: kabla hakijapoa.

Mchana akasimama na upawa kama imamu na fimbo. "Karibuni mle. Niwieni radhi!" Sauti ya kuuza kufuli. Nusura nipaliwe.

Mutua kanitazama mimi, hakumtazama yeye. "Dada, huyu anajua anachosema?"

"Maneno yametoka mdomoni mwake."

"Hiyo ni radhi ya kasuku." Akageuza mgongo.

Meneja akatupa upawa. Mila yenu nimeifuata, akafoka, sasa anataka nini? Kesho ni kesho! Mimi nimekereka na wote. Mwombaji hajui kama ameomba, mwombwa hapokei, na mimi niliyetia maneno ndiye pekee niliyeaibika.

Hapo ndipo pazia lilipokohoa. Nikakumbuka, nimechelewa: nyuma ya pazia kuna Kiswahili.

Alasiri Mzee Wu kamwita mwanawe ndani. Kelele za Kichina. Kisha sauti ya mzee peke yake, ya chini. Nimeokota neno moja tu, ren, mara nyingi. Sijui alimaanisha mtu au alimaanisha utu. Meneja akatoka, akanipita bila kunitazama. Viza yangu nayo ni yake. Kichwani nimeshaanza kukunja nguo.

Alhamisi, 13 Novemba

Sufuria haikugongwa.

Tulikaa tukitazama mfuniko. Meneja alitoka nyuma bila upawa, mikono haijui pa kukaa. Akatupita sisi, akaenda hadi kizingitini. Akachuchumaa. Sijawahi kumwona akichuchumaa.

"Karibu ule, Mutua," akasema. "Niwie radhi."

Niwie. Mimi nilimfundisha niwieni, ya watu wengi. Ya mtu mmoja sikumfundisha.

Mutua akamtazama yeye, si mimi. Kisha akasema, "Haya. Asante." Akaja, akavuta sahani. Akasogea kidogo, akapiga mkeka kwa kiganja. "Karibu."

Hilo nalo Meneja alilielewa. Akakaa.

Kabichi ilikuwa imepoa. Tuliila hivyohivyo.